Mkono unaopanguza: kutunza rangi, rimu na mapambo ya gari jipya Butembo na Beni

Gari la kifahari linapofika Butembo huwa limekwisha kutembea sana. Limenunuliwa Dubai au Japani, limevuka bahari hadi Mombasa, likapanda kupitia Nairobi na Kampala, likashuka Kasese na kuingia Kongo pale Kasindi, safari ya nchi kavu ya kama kilomita 1,500. Mwenye gari analipokea, analizunguka mara mbili tatu, na hofu zake ni zile za kila mtu: mawe ya barabara ya Beni, matope ya Lubero, jua, pikipiki zinazojipenyeza katikati ya magari. Hofu hizo zina msingi. Lakini ukilitazama gari hilo baada ya mwaka mmoja, hasa likiwa jeusi, alama nyingi utakazoziona hazikuletwa na mawe wala na jua. Zimeletwa na mkono uliolipanguza. Hiyo ndiyo hoja ya mwongozo huu, na kila ushauri utakaofuata, tangu ndoo ya maji hadi plastiki ya kinga, unatokana nayo: jua kwanza namna ya kuliosha gari lako, kisha ndipo utoe fedha zako kununua kinga.

Anza na kile unachokilinda. Bati la mlango lina tabaka nne. Ya chini kabisa ni ya kuzuia kutu, hushikishwa kwa umeme kiwandani. Inafuata ya kusawazisha. Ya tatu ndiyo rangi yenyewe. Na juu ya zote iko vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi wa hapa huiita verni. Zote nne kwa pamoja kwa kawaida hazizidi maikroni 150, na vanishi peke yake ni kati ya maikroni 35 na 50. Maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa una kama 70. Kwa hiyo mng'ao wote ulioulipia umekaa kwenye tabaka jembamba kuliko unywele, tena tabaka la plastiki. Sasa chukua vumbi la njia. Udongo wetu mwekundu una chembe laini za mfinyanzi ambazo peke yake hazina madhara makubwa, lakini ndani yake mna mchanga wa kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kwatzi hupata 7. Kioo cha dirisha na wembe wa kisu viko karibu na 5.5. Chembe inayoweza kukwaruza kioo haiwezi kushindwa na plastiki. Inachohitaji ni kitu cha kuikandamiza na kuiburuta, na kitu hicho ni kitambaa kilicho mkononi mwa mtu.

Ushahidi wake unaweza kuuona wewe mwenyewe usiku mmoja tu. Washa tochi ya simu, uielekeze kwenye kapo, yaani boneti, ya gari jeusi lililooshwa mjini kwa miezi michache. Utaona nyuzi nyembamba zimeuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Kwa kweli mikwaruzo hiyo imekwenda kila upande. Jicho hukamata ile tu inayoukata mwanga, ndiyo maana huonekana kama duara. Sogeza tochi, na duara litakufuata popote utakapokwenda, kwa sababu mikwaruzo iko bati zima. Jiwe la barabarani haliwezi kuchora hivyo. Jiwe huacha tundu dogo lenye kingo kali, na matundu hayo huwa mbele ya gari na nyuma ya matairi. Jua nalo hufubaza kwa usawa, na kwanza juu: paa, kapo, mgongo wa vioo vya pembeni. Nyuzi zilizotapakaa sehemu ya juu ya milango, mahali ambapo jua halichomi sana na mawe hayafiki, zina mhusika mmoja tu.

Mazingira ya kwetu huzidisha kosa hilo, ingawa hayalianzishi. Mradi wa barabara uliozinduliwa na marais wa Uganda na Kongo pale Mpondwe, Juni 2021, ulilenga kilomita 223, zikiwamo 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Hata lami inapofika, mitaa mingi ya ndani hubaki udongo, na gari hupita pote kwa siku moja. Miezi ya kiangazi, Januari na Februari, kisha Juni na Julai, gari lililooshwa asubuhi huwa jekundu jioni. Ndipo mwenyewe, au mlinzi anayetaka kumpendeza bosi, huchukua kitambaa kikavu na kulipangusa ili likae safi mbele ya duka. Kitendo hicho, kinachofanywa kwa nia njema kabisa, ndicho kibaya kuliko vyote nitakavyovitaja. Hakuna maji ya kuinua chembe, hakuna sabuni ya kutelezesha, na kwatzi yote inasuguliwa moja kwa moja juu ya vanishi. Brashi ya manyoya haina tofauti. Ukichukua neno moja tu katika haya yote, liwe hili: vumbi lililotulia juu ya gari halikwaruzi chochote. Liache hadi utakapokuwa na maji.

Tuangalie basi jinsi gari linavyooshwa mara nyingi. Kijana ana ndoo moja, sabuni ya unga ya kufulia nguo, na kipande cha fulana kuukuu. Anachovya, anaanzia pale penye matope mengi kwa kuwa ndipo panapoonekana pachafu, yaani chini ya milango na kwenye matigadi, anakamua kitambaa ndani ya ndoo ile ile, kisha anapanda kwenye kapo. Maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kila chembe aliyoitoa chini ya gari sasa inapelekwa juu, na kwa kuwa bati linang'aa likiwa limelowa, mwenye gari analipa akiwa ameridhika. Ile sabuni nayo ina kosa lake. Sabuni ya unga ina alkali kali, pH yake huwa kama 10 au 11, kwa sababu imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye pamba. Juu ya gari hung'oa nta yote, hukausha mipira ya milango, na ikiachwa ikauke juani huacha michirizi kwenye mapambo ya alumini. Shampuu ya gari ina pH iliyo karibu na 7 na vilainishi vya kuzifanya chembe ziteleze. Chupa moja ya lita hutosha miosho mingi, kwa kuwa kinachohitajika ni vifuniko vichache tu kwa ndoo.

Uoshaji ulio sawa hauhitaji mashine ya bei, unahitaji mpangilio. Kwanza ondoa uchafu bila kuugusa. Kama una mashine ya kurusha maji kwa nguvu, simama mbali kidogo na uanze juu kwenda chini, ukikaa zaidi kwenye matao ya matairi na chini ya milango. Kama huna, tumia pampu ya mgongoni kama zile wanazopulizia dawa kwenye mashamba ya kakao ya Beni. Nunua mpya na isitumike kamwe kwa dawa. Jaza maji yenye shampuu kidogo, pulizia gari zima, subiri dakika chache likiwa kivulini, kisha suuza. Udongo mwingi utaondoka wenyewe. Pili, weka ndoo mbili: moja ya maji ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Kila ukimaliza bati moja, glavu iende kwanza kwenye maji matupu, ikamuliwe, ndipo irudi kwenye shampuu. Wavu mdogo chini ya ndoo husaidia mchanga utulie chini usirudi juu. Tatu, anza paa, halafu vioo, kapo, sehemu ya juu ya milango, na umalizie chini. Glavu iliyogusa chini ya milango haipandi tena. Nne, glavu iwe ya maikrofaiba yenye nyuzi ndefu au ya manyoya ya kondoo, kwa sababu nyuzi zake humeza chembe ndani badala ya kuzibana juu ya bati. Sponji ya kawaida ina uso bapa. Chembe haina mahali pa kwenda.

Ukaushaji nao ni nusu ya kazi. Wengi wakishaosha vizuri huharibu hapa, kwa kupangusa kwa taulo la kuogea au kwa kipande cha mpira cha kuvutia maji vioo vya dirisha. Tandaza kitambaa kikubwa cha maikrofaiba juu ya bati lililolowa, kivute polepole bila kukikandamiza, kisha kikunje upande mkavu. Kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, kimetoka kwenye kazi ya rangi. Kiende kwenye rimu hadi kifuliwe. Vitambaa vya rangi, vya vioo na vya rimu vifuliwe mbali mbali, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huacha utando wa mafuta na kufanya kitambaa kisinyonye maji.

Hapa patatoka pingamizi la kwanza, nalo ni zito: maji. Mji kama Butembo ambamo familia nyingi huchota maji kwa bidoni za lita 20 kwenye visima na vijito hauwezi kuambiwa umwage maji juu ya kapo. Nakubali, na ndiyo maana nilitaja pampu ya mgongoni. Bidoni tatu hutosha kwa gari la ukubwa wa Prado: moja ya kupulizia na kusuuza kwanza, moja kugawanywa kwenye ndoo mbili, moja ya kumalizia. Zaidi ya hapo, tuna maji bora kuliko ya bomba na hatuyatumii ipasavyo. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati hayana chokaa, kwa hiyo hayaachi yale madoa meupe ya duara ambayo maji ya kisima huyaacha yakikauka juani. Milimani hapa kuna misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Tangi moja chini ya paa la nyumba huosha gari miezi kadhaa bila kumnyang'anya mtu ndoo yake. Yaache tu yale ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kwa kuwa hayo yamebeba vumbi la paa.

Pingamizi la pili linawahusu vijana wenyewe. Mwenye gari wa kifahari mara nyingi ni mfanyabiashara asiye na saa mbili za kuosha gari, na kazi hiyo ni chakula cha mtu. Sina ushauri wa kumnyima mtu riziki. Ninachosema ni kwamba vifaa viwe vya gari, visiwe vya kijana. Nunua ndoo mbili, glavu mbili, vitambaa sita na shampuu, uviweke kwenye mfuko nyuma ya gari. Chagua kijana mmoja, umwonyeshe mpangilio mara moja, ukae naye gari la kwanza, na umlipe zaidi ya bei ya kawaida kwa sababu kazi yake sasa inachukua muda zaidi. Ukimlipa kwa haraka yake, atakupa haraka. Kijana aliyefundishwa hivyo ana ujuzi ambao atauuza kwa wengine, nao ni ujuzi wa kweli: watu wa Dubai na Nairobi hulipia huo huo kwa jina la kizungu.

Rimu zina adui tofauti, na huku kwenye milima anakuwa mkali zaidi. Mteremko mrefu kati ya Lubero na Butembo, au ule wa kushuka kuelekea bonde la Semuliki, hupasha breki moto sana. Diski na pedi hutoa unga wa chuma ulio moto, nao huruka na kujichomeka kwenye vanishi ya rimu, kisha unyevu ukija hushika kutu humo humo. Ndiyo yale madoa ya kahawia ambayo brashi haiyatoi. Tiba ya kwanza ni kushuka kwa gia ndogo, injini ikusaidie kuzuia gari. Breki zitadumu na rimu zitabaki safi. Ya pili ni kuziosha kila wiki kwa shampuu ile ile, kwa ndoo na brashi yake peke yake, zikiwa zimepoa kabisa. Maji baridi juu ya diski yenye moto yanaweza kuipinda. Kwa madoa yaliyokwisha kushika kuna dawa maalumu ya kuyeyusha chuma. Ikikuta unga wa chuma hugeuka zambarau, na rangi hiyo hukuonyesha kazi inaendelea. Isiachwe ikauke, na ivaliwe glavu za mpira.

Usitumie asidi ya betri, ndimu wala maji ya javeli, yaani ya klorini. Juu ya javeli kuna ushahidi wa karibu. Ebola ilipoikumba Beni, Butembo na Katwa, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, maji ya klorini ya asilimia 0.5 ndiyo yaliyotumika kuua virusi kwenye nyuso za vitu, magari ya wagonjwa yakiwamo. Kwa kazi ile yalikuwa sahihi, na hakuna rimu yenye thamani ya uhai wa mtu. Lakini klorini hula chuma, hutoboa alumini vitundu vidogo na kukausha mipira; ndiyo maana hata kwenye kazi hiyo nyuso za chuma husuuzwa kwa maji safi baada ya dakika chache. Anayeipaka kwenye rimu na tairi ili maandishi ya tairi yaonekane meupe anajitia hasara hiyo bila sababu.

Kuhusu mapambo nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kosa ni moja. Plastiki nyeusi za matigadi na bampa hufifia kwa mionzi ya urujuanimno ya jua, na Butembo iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Mionzi hiyo huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Watu wengi hupaka mazutu, yaani dizeli, ili plastiki na matairi yarudi kuwa meusi. Hung'aa siku moja, huvuta vumbi siku ya pili, na mafuta hayo hulainisha na kuvimbisha mpira kadiri yanavyorudiwa. Tafuta dawa ya plastiki na mpira iliyotengenezwa kwa maji, yenye kinga ya jua, uipake kidogo na kuipangusa. Zile fremu za fedha zinazozunguka madirisha ya magari ya Ujerumani mara nyingi ni alumini, ingawa watu huziita kromu. Sabuni ya alkali huzitia ukungu mweupe ambao polishi ya kawaida haiuondoi. Shampuu, maji na kitambaa vinazitosha.

Sasa kinga zenyewe, ambako fedha nyingi hupotelea. Gari jipya kutoka kiwandani limeokwa kwenye tanuri lenye joto la kama nyuzi 140, kwa hiyo rangi yake imekomaa na inaweza kupakwa nta siku ya kwanza. Sharti la kusubiri linahusu bati lililopigwa rangi upya kwenye garaji ya mjini: hilo linatoa mvuke wa tina kwa wiki nyingi, na mara nyingi hushauriwa kuliacha mwezi mmoja hadi mitatu bila kulifunika. Nta ya kanauba, itokayo kwenye majani ya mti wa Brazil wa jamii ya mnazi, hukaa wiki chache hadi miezi miwili na hupakwa na yeyote mwenye subira. Nta za viwandani hukaa miezi kadhaa. Faida ya zote mbili ni kwamba uchafu unashikilia juu yake badala ya kushika vanishi, na huoshwa kwa kuguswa kidogo. Faida yao inarudi kwenye hoja ile ile ya mkono. Ukiona maji hayajikusanyi tena kuwa matone yanayobingirika, baada ya kuosha kwa shampuu safi, nta imekwisha.

Muuzaji wa seramiki atakuambia kwamba ukipaka dawa yake hutahitaji haya yote, kwa kuwa ugumu wake ni 9H. Hapa nataka uwe mwangalifu. Hiyo 9H ni kipimo cha kukwaruza kwa penseli, wala haihusiani na kipimo cha Mohs ambamo kwatzi ina 7. Tabaka la seramiki likishakauka huwa na unene wa kama maikroni moja au mbili; halizuii jiwe, na kitambaa chenye mchanga hulikwaruza kama kinavyoikwaruza vanishi. Linachofanya vizuri ni kufukuza maji na uchafu kwa muda mrefu, mwaka hadi miaka kadhaa, na kustahimili sabuni kali kuliko nta. Hayo ni mema halisi, na mwenye uwezo asizuiwe. Ila lazima lipakwe ndani ya chumba kisicho na vumbi, juu ya rangi iliyosafishwa hadi mwisho, kwa sababu kila mkwaruzo uliomo utafungiwa chini yake. Dawa hiyo ikipakwa uani kiangazi itakauka na vumbi ndani. Ukinunulia gari Dubai, mpe kazi hiyo fundi wa huko kabla gari halijapakiwa melini, ukijua kwamba ukirudi nyumbani bado utahitaji ndoo mbili.

Kinga pekee inayopambana na jiwe ni plastiki ya uwazi ya polyuretani, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200, zaidi ya rangi yote ya kiwandani. Ilianza kwa kulinda panga za helikopta za jeshi la Marekani dhidi ya mchanga wakati wa vita vya Vietnam. Kwetu ina sababu ya ziada. Ushauri wa kawaida ni kuacha nafasi kubwa nyuma ya lori, na popote inapowezekana ufuate. Lakini kwenye barabara kama ile ya Beni kwenda Komanda, ambako kwa sababu ya mashambulizi magari yamekuwa yakisafirishwa kwa misafara chini ya ulinzi wa jeshi, hakuna dereva mwenye akili atakayebaki nyuma kulinda kapo yake. Bampa la mbele, theluthi ya mbele ya kapo, mgongo wa vioo vya pembeni, nyuma ya matairi, ndani ya vishikio vya milango na ukingo wa buti unapopakia mizigo: maeneo hayo yakifunikwa yanatosha. Gari zima ni anasa. Kama huwezi hata hayo, mabawa ya mpira nyuma ya matairi, yanayopatikana kwa muuza vipuri yeyote, huokoa milango yako kwa gharama ndogo.

Vipi kama gari lina mikwaruzo tayari? Polishi ya mashine huiondoa, lakini kwa kuipunguza vanishi yenyewe kuzunguka mkwaruzo hadi usawa wake, na ndani ya vanishi hiyo ndimo mna dawa za kuzuia jua. Hazina ile ya maikroni 35 hadi 50 haiongezeki. Mashine ikipita mara moja kwa uangalifu huchukua maikroni chache. Ikipita kila mwezi kwenye mikono yenye haraka hufika kwenye rangi, na hapo hakuna tiba isipokuwa kupiga rangi upya. Kwa hiyo polishi ifanyike mara moja, baada ya uoshaji kubadilika, na ifuatwe na nta. Fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi apewe nafasi ya kwanza.

Limebaki pingamizi linalostahili heshima kuliko yote: katika jimbo lililowekwa chini ya hali ya kuzingirwa Mei 2021, yaani chini ya utawala wa kijeshi, ambamo watu hukimbia vijiji vyao, je, ni sawa kuhangaikia mng'ao, na je, gari linalong'aa si la kuvutia macho mabaya? La kwanza nalijibu hivi: gari kwa mfanyabiashara wa hapa ni akiba iliyo kwenye magurudumu, mara nyingi kubwa baada ya nyumba, na itauzwa siku moja Bunia au Kampala kwa mtu atakayeanza kwa kuliangalia bati. Kulitunza kwa bidoni tatu hakumpunguzii mtu kitu. La pili ni kweli, na halipingani na mwongozo huu hata kidogo. Ukiwa na safari ambayo ni busara gari lionekane la kawaida, liache na vumbi lake. Nimesema vumbi lililotulia halidhuru. Gari chafu lisiloguswa litarudi kuwa jipya kwa saa mbili za maji, na gari lililopanguswa kila asubuhi halitarudi.

Kuna vitu vinne tu ambavyo havingoji siku ya kuosha. Kinyesi cha ndege kina asidi, na vanishi ikipata moto juani hulainika na kukishika; ukiegesha chini ya mikalitusi au miparachichi utakutana nacho. Wadudu waliopondeka kwenye bampa huchimba vivyo hivyo. Saruji, mjini ambako kila mtaa una jengo linalopanda, ikilowa hushika na kuwa jiwe. Na tope lililojaa ndani ya matao ya matairi hushikilia unyevu kwenye viungo vya bati, likiziba vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Hili ndilo linaloleta kutu, wala halionekani. Weka ndani ya gari chupa ndogo ya maji yenye matone ya shampuu na vitambaa viwili safi. Kwa kinyesi na wadudu, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa na ukiache dakika mbili tatu, kisha kiinue moja kwa moja bila kusugua. Rudia kwa upande safi hadi doa liishe. Saruji kavu usiiguse kwa kucha wala kwa kisu. Iloweshe kwa siki iliyochanganywa na maji mengi, iache ilainike yenyewe, suuza kwa wingi, na ukipata nafasi paka nta upya mahali hapo, kwa sababu ile ya zamani imeondoka na siki.